Koti la Daktari wa Mwagobela

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo msianze kutazamana na kukonyezana. Inaitwa Jamhuri ya Shangilia, iko mbali kabisa na hapo mlipokaa, viongozi wake hawapati usingizi kwa kuwafikiria wananchi, na yote nitakayoyasema ni sifa tupu. Atakayeona kejeli humu, hiyo ni roho yake mbaya.

Shangilia ilikuwa na madaktari elfu moja na mia mbili. Si haba. Kasoro ilikuwa moja tu, tena ndogo: elfu moja mia moja na tisini na watano kati yao waliishi Marumaru, mji mkuu, na watano waliobaki walikuwa njiani kuelekea huko huko. Vijijini hakukuwa na hata wa dawa. Msidhani walikuwa watu wabaya. Walipangiwa vijiji, wakapokea barua kwa mikono miwili, wakashukuru, kisha mmoja akapatwa na shangazi mgonjwa, mwingine mkewe akawa hapatani na vumbi, na wa tatu akagundua kwamba akikaa mahali pasipo na lifti anashikwa na kizunguzungu.

Wahisani wakaanza kuuliza maswali, na mhisani akiuliza swali Shangilia, watu huitana hotelini. Waziri wa Afya aliitisha kikao cha siku tatu. Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne na sambusa zake, afisa mmoja wa utumishi akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Waziri, mimi ofisini kwangu nipo kila siku, miaka kumi na minane sasa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa maana afisa huyo mara ya mwisho kuonekana ofisini ilikuwa siku alipopigiwa picha ya kitambulisho. Lakini mwenyewe hakucheka. Akaeleza jambo ambalo kila mtu pale alilijua, maana kila mtu pale alilifanya: mtumishi anafika asubuhi, anatundika koti kwenye kiti, anafungua faili, anaweka kalamu juu yake, halafu anakwenda zake kwenye mabanda yake ya kuku. Akiulizwa, wenzake wanajibu, "Yupo. Koti lake si hilo hapo?" Serikali iliendeshwa hivyo miaka arobaini na haikupungukiwa kitu.

"Sasa," akasema yule afisa, "kama koti linatosha kumweka mhasibu mkuu kazini, litashindwaje kumweka daktari?"

Waziri alisimama akafuta machozi. Ukatoka Waraka Namba Tisa: daktari atahesabiwa yupo kituoni iwapo koti lake lipo kituoni. Mwezi haukuisha, malori yalikuwa yameshasambaza makoti meupe hadi mipakani, na Shangilia ikatangaza kwamba kila zahanati ina daktari. Wahisani walipiga makofi mpaka mikono ikawauma.

*

Koti la Mwagobela liliwasili Jumanne, kwenye gari la Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Sospeter Makengele, likiwa limekaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda. Lilikuwa la Daktari Anaklet Mwasongole. Jina lake lilidariziwa mfukoni kwa uzi wa buluu. Wanafunzi waliimba. Wazee walipewa soda.

Aliyelipokea alikuwa Holo Masunga, ambaye kijiji chote kilimwita Mama Nkwimba kwa jina la bintiye wa pekee. Alikuwa mhudumu wa zahanati ile kwa miaka ishirini na sita. Nusu ya waliokuwa wakiimba pale aliwakata vitovu yeye, na baba zao wengi aliwashona vichwa baada ya ngoma. Yaliyomshinda aliyaandika kwenye karatasi, "Nimeshindwa, msaidieni," akatia saini, na mgonjwa akabebwa hadi hospitali ya wilaya, mwendo wa saa moja kasoro kwa gari kama gari lina matairi. Mlinzi aliona saini ya mhudumu, akafungua geti. Mambo yalikwenda hivyo, kwa shida, lakini yalikwenda.

Mheshimiwa Makengele alipanda juu ya meza.

"Wananchi wa Mwagobela! Mlilia, serikali yenu sikivu ikasikia! Leo mmepata daktari. Tena si daktari wa hovyo hovyo! Daktari huyu hatachelewa kazini. Hatalewa. Hatawatongoza binti zenu. Hatadai nyumba. Na hatagoma! Nani kati yenu amewahi kuona daktari wa namna hiyo?"

"Hatujawahi!" wakaitika, na walikuwa wanasema kweli.

Mama Nkwimba, ambaye ulimi wake haukujua kukaa, akauliza, "Mheshimiwa, na mwenye koti atakuja lini?"

Mkuu wa Wilaya alimwangalia kama mtu aliyepiga chafya katikati ya wimbo wa taifa. "Wewe mama ni mtumishi wa serikali, na waraka hukusoma? Daktari huyo hapo mbele yako. Msalimie."

Mama Nkwimba alitazama kiti kilichotundikwa koti, akatazama askari waliokuja na Mheshimiwa, akatazama kiti tena. "Karibu, Daktari," akasema. Koti halikuitika, na watu wakapiga vigelegele.

Kile ambacho hakikusomwa siku ile juu ya meza kilikuwa kifungu cha mwisho cha waraka. Kilisema kwamba kituo chenye daktari hakitampa mgonjwa rufaa ila kwa saini ya daktari huyo, kwani ingekuwa kumkosea adabu msomi mzima kurukwa na mhudumu. Hospitali ya wilaya ilipelekewa sampuli ya saini ya kila daktari ili pasiwe na ujanja. Mhudumu wa kijiji cha pili, aliyejaribu kuigiza saini, alishikwa pale pale getini na kupelekwa rumande, na mgonjwa wake akarudishwa nyumbani.

Wa kwanza wa Mwagobela kuonja utamu wa kuwa na daktari alikuwa mzee Lukelesha, aliyeumwa na nyoka akipalilia mihogo. Wanawe walimkimbiza kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mlinzi wa hospitali akaangalia orodha yake.

"Mwagobela? Ninyi mna daktari. Rudini kwa daktari wenu, msitujazie hospitali."

Wakageuza ng'ombe. Mzee alikata roho darajani. Taarifa ya wilaya ikaeleza kwamba marehemu alifia barabarani, kwa hiyo hakuwa mgonjwa wa kituo chochote, na rekodi ya Mwagobela ikabaki safi. Mama Nkwimba alipoisoma alikaa kwenye ngazi ya zahanati akatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana huenda mnanisoma mbele ya wakwe.

*

Alikuwa na sababu yake ya kutukana. Nkwimba, bintiye, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe alikwenda mgodini kutafuta maisha, na mpaka leo anayatafuta. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu, maana nyonga ya Nkwimba ilikuwa nyembamba na mtoto hakuwa na pa kupita, na daktari wa hospitali enzi zile aliandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: MIMBA ZOTE ZIJAZO, UPASUAJI. Mtoto yule alikufa kwa surua. Huyu wa sasa alisubiriwa na watu wawili tu duniani, lakini walimsubiri kwelikweli.

Kila asubuhi Mama Nkwimba aliichukua ile kadi akaisoma, kana kwamba huenda maneno yamebadilika.

"Mama, acha kuniangalia hivyo," Nkwimba akamwambia siku moja. "Tumbo litaogopa."

"Nakuangalia vipi?"

"Kama mwenye kupima sanda."

"Koma! Mate yako hayo yatemee nje."

Nkwimba akacheka. Akajikokota hadi chumba cha daktari, akakaa mbele ya koti, akashika tama. "Daktari, mimi nina kovu, na mwanao huyu hapiti. Nisainie tu, baba, kisaini kidogo." Akasubiri. "Amekataa," akasema, akimgeukia mama yake. "Tena hana hata haya, ananikodolea vifungo!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Mama Nkwimba akatoka nje akajifanya anaanua nguo, akalia.

Kesho yake akafunga kanga mbili na maandazi kwenye kifurushi, akachukua fomu ya rufaa, akapanda basi kwenda Marumaru. Kama saini iko mkononi mwa mtu, alijiambia, basi mtu huyo ana mkono na ana mahali anapokaa.

*

Marumaru, jamani, ni pazuri. Mama Nkwimba aliposhuka stendi moshi ulimpanda puani akapiga chafya, na kabla hajafuta pua alikuwa amezungukwa na madaktari saba. Mmoja alimpima joto, wa pili akamwangalia tundu la pua la kulia, wa tatu akamwambia wa pili kwamba la kulia ni lake kitaaluma, wakashikana mashati. Kulikuwa na mtaa mzima ambao madaktari walikaa vibarazani wakichezea mipira yao ya kupimia mapigo ya moyo na kumwangalia kila apitaye kwa matumaini. Mtoto akijikwaa, walikimbia ishirini. Mama mmoja wa mjini alikuwa akilalamika kwa uchungu kwamba daktari wa mafua yake ya asubuhi si yule wa mafua yake ya jioni.

Mama Nkwimba alimkuta Daktari Anaklet katika hospitali kubwa, baada ya kuandika jina lake kwenye kitabu cha wageni getini. Madaktari kumi na mmoja walikuwa wamezunguka kitanda cha mkurugenzi fulani aliyevunja ukucha kwenye zulia. Kazi ya Anaklet ilikuwa kumshikia tochi yule aliyemshikia tochi bingwa wa kucha. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alipoelezwa mgeni wake ni nani, alimwamkia shikamoo, akamtoa hadi koridoni, akamletea kiti.

Alisoma kadi ya Nkwimba. Uso ulimbadilika, maana udaktari alikuwa ameusoma kweli.

"Huyu asisubiri uchungu, mama. Uchungu ukianza na kovu hili, linaweza kuachia."

"Ndiyo nimekuja, mwanangu. Saini hapa."

Akachomoa kalamu. Ikafika karatasini, ikasimama.

"Mama, umeandika jina getini?"

"Nimeandika."

"Basi nimekwisha. Kwenye makaratasi mimi niko Mwagobela. Wakilinganisha fomu hii na kitabu cha wageni, watajua umenisainisha huku. Nikisaini nimekiri sipo kule. Nitaitwa mtoro, nitafukuzwa. Nina watoto, mama."

"Na mimi ninaye mmoja."

Daktari Anaklet akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vizuri. Akaingia ndani, akatoka na pakiti ya biskuti za maziwa akampa kwa mikono miwili, kisha akarudi kushika tochi.

Mama Nkwimba alikwenda wizarani. Alikaa benchi siku mbili mpaka miguu ikavimba, akaingizwa kwa Mkurugenzi wa Huduma za Vijijini, bwana mnene mwenye sauti ya upole ambaye kijiji alikiona mara moja, kwenye kalenda. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, umetusaidia sana. Umetuonyesha pengo. Tumempa koti mahudhurio, hatukumpa madaraka!" Akaita karani, akatamka papo hapo Waraka Namba Kumi. Kuanzia siku ile koti lilikuwa na mamlaka kamili ya kupima wagonjwa. Mgonjwa akae mbele ya koti robo saa. Koti likinyamaza, ichukuliwe kwamba daktari hakuona tatizo, na mgonjwa aendelee na huduma hapo hapo alipo.

"Lakini koti litanyamaza siku zote!"

"Basi tutakuwa taifa lenye afya sana," Mkurugenzi akajibu, akamwinamia na kumfungulia mlango mwenyewe.

*

Alirudi Mwagobela jioni ya Jumapili. Jumatatu saa moja asubuhi uchungu ukamshika Nkwimba, wiki mbili kabla ya siku zake.

Mama Nkwimba akampima, akasikia mtoto amekwama palepale alipokwama yule wa kwanza. Akapiga simu wilayani kuomba gari.

"Mgonjwa amekaa mbele ya daktari robo saa?" karani akauliza.

"Hawezi kukaa! Analia!"

"Daktari amesemaje?"

"Hajasema kitu, daktari ni koti!"

"Hajasema kitu. Basi hakuna tatizo. Asubuhi njema, mama."

Simu ikakatwa. Chumba cha pili Nkwimba alikuwa akimwita, si kwa utani tena. Mama Nkwimba akasimama mbele ya kile kiti. Hapo ndipo akili ikamfunguka, akashangaa mbona alisafiri siku nne kutafuta kitu kilichokuwa hapa hapa. Zahanati ina daktari kwa sababu ina koti. Isipokuwa na koti, haina daktari. Isipokuwa na daktari, saini ya mhudumu inatosha, kama zamani.

Akalibeba koti hadi uani, akalimwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Lilishika haraka. Akajaza fomu ya rufaa kwa mwandiko wake, "Nimeshindwa, msaidieni," akatia saini yake ya miaka ishirini na sita, akapiga simu tena.

"Zahanati ya Mwagobela haina daktari. Nina rufaa. Leteni gari."

"Haina daktari? Kaenda wapi?"

"Ameungua."

Upande wa pili akasikia kiti kikianguka na mtu akipiga kelele, "Mungu wangu! Daktari ameungua!"

Nawaambia, Shangilia ikitaka kukimbia inakimbia. Siku hiyo wilayani kulikuwa na tume kutoka Marumaru, madaktari wanne wakiongozwa na Profesa Theonest Kabwogi, waliokuja kukagua kama makoti yanafuliwa. Haikutimia hata saa nzima, king'ora kikasikika barabarani kwa mara ya kwanza tangu kijiji kiwepo. Mbele gari la wagonjwa lenye matairi mapya manne, nyuma polisi, nyuma Mkuu wa Wilaya. Wakashuka madaktari wanne, wenye mikono, wenye miguu, wenye mikoba ya vifaa.

Mama Nkwimba alipiga magoti vumbini. Alilia kwa furaha, alicheka, aliwashika miguu. "Yuko huku, wazazi wangu, huku ndani! Bado ana nguvu, mtoto bado anacheza!"

Wakampita. Wakaenda uani, wakavaa glavu, wakachutama kuzunguka majivu.

"Vifungo viwili vimepatikana," akasema Profesa Kabwogi. "Andika. Marehemu ameungua asilimia mia."

Mheshimiwa Makengele alivua kofia. "Daktari pekee wa Mwagobela," akasema kwa sauti ya kutetemeka, "ameuawa akiwa kazini." Polisi wakamtia Mama Nkwimba pingu akiwa bado amepiga magoti.

"Nifungeni! Ninyongeni! Lakini mwanangu kwanza! Hamumsikii?"

Walimsikia. Kijiji kizima kilimsikia. Profesa Kabwogi akamsogelea Mama Nkwimba, akachutama ili wawe sawa, maana hakuwa mtu wa majivuno.

"Mama, sisi tumeletwa kuchunguza kifo, hatuna kibali cha tiba. Mwenye mamlaka ya tiba hapa ni daktari wa kituo."

"Daktari wa kituo ndiye huyo mnayemzoa!"

"Ndiyo maana tunasikitika sana."

"Basi mpeni rufaa! Fomu ipo, nimesaini!"

Profesa akaichukua fomu, akaisoma kwa makini pande zote mbili. "Imeandikwa vizuri. Lakini uko chini ya ulinzi, na saini ya mtuhumiwa haina nguvu. Aidha gari limeshapakia maiti." Akaonyesha. Ndani ya gari la wagonjwa, juu ya machela, chini ya bendera ya taifa, kulikuwa na bahasha yenye vifungo viwili.

Mmoja wa wale wanne, kijana, alikuwa amesogea hadi mlangoni mwa chumba cha Nkwimba. Alisimama pale ameshika fremu ya mlango. "Profesa," akasema, "dakika ishirini tu. Naweza."

"Una kibali?"

Kijana akabaki kwenye fremu ile, hakuingia wala hakurudi. Nkwimba aliita, "Mama!" mara tatu, na mara ya nne aliita kwa sauti ndogo, na hakukuwa na ya tano. Ilikuwa saa nne na dakika tano asubuhi, saa ya chai.

Hapo mambo yakawa mepesi ajabu. Kwa kifo kibali kilikuwepo. Wote wanne waliingia kwa pamoja, wakampima mapigo, wakamulika macho, wakakubaliana bila ubishi wowote. Cheti cha kifo kilijazwa pale pale, kikiegemezwa ukutani. Mtoto hakuandikwa, kwa kuwa hakuwa amefika kituoni. Ingetosha saini moja, lakini kila mmoja alitaka kushiriki, basi wakapokezana kalamu, Profesa kwanza na yule kijana mwisho, wakasaini wote wanne.

Mama Nkwimba alifungwa miaka kumi na minne kwa kumuua daktari. Cheti alipewa, maana ni haki ya ndugu wa marehemu, naye amekihifadhi gerezani ndani ya kitabu cha dini. Wafungwa wenzake wasiojua kusoma humwomba awaonyeshe. Huwaonyesha. Huweka kidole juu ya saini ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne, na kila moja huwatajia jina la daktari, kwa maana zote zinasomeka.